Barua ya wazi kwa Bodi ya Shule: Mmefungia miti, stika bado inazunguka

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule
Nakala: Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Nidhamu, wazazi na walezi wote

YAH: UONEVU WA MTANDAONI NA KUFUNGWA KWA ENEO LA MITI

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mwanafunzi katika shule mnayoisimamia. Nilianza kwa mwalimu wa darasa, nikaenda kwa mkuu wa shule, kisha nikawaandikia ninyi. Nikajibiwa kwamba suala "linafanyiwa kazi". Muhula ule umekwisha, mwingine umeanza, na kazi pekee iliyoonekana kwa macho ni ya fundi aliyekuja kuzungusha waya kwenye eneo la miti nyuma ya madarasa na kutia kufuli getini. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Siandiki kumtukana mtu, wala sitamtaja mwanafunzi yeyote, hata wale walioanzisha jambo hili. Nao ni watoto, na yaliyompata wangu sitaki yawapate wao.

Kwa mzazi ambaye hana habari, kilichotokea ni hiki. Binti yangu alikuwa na kawaida ya kwenda kukaa chini ya mti mkubwa ulio mwisho wa uwanja wakati wa mapumziko. Ana daftari lisilo na mistari ambamo huchora na kuandika anachokiona: tawi lipi limechipua, siafu wamepitia wapi baada ya mvua, ndege gani amerudi kwenye kiota kipi. Siku moja mwenzake akampiga picha kwa mbali, ameegemea shina, macho nusu yamefumba, mdomo wazi kidogo, kama anavyotoka mtu yeyote akipigwa picha bila kujua. Jioni ile picha ikawa stika yenye maandishi "Wodi ya vichaa". Kufika usiku ilikuwa kwenye grupu la darasa lake, la darasa jirani, na jingine ambalo admini wake ni namba ngeni. Kisha ikafunguliwa akaunti feki kwa jina lake, inaposti maneno ya mapenzi kwa mti.

Mpaka leo akichelewa kujibu swali darasani, kuna simu itakayoituma ile stika jioni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliyeonewa ndiye aliyebebeshwa adhabu

Swali la kwanza aliloulizwa ofisini halikuwa nani alipiga picha. Lilikuwa: "Kwani wewe ulikuwa unafanya nini kule peke yako?" Akashauriwa abaki nyumbani siku chache "mambo yapoe", kisha akahamishiwa mkondo mwingine, mbali na rafiki mmoja aliyekuwa amebaki upande wake. Walioitengeneza stika hawakuhamishwa hata dawati.

Sina shaka mlifanya hivyo kwa nia njema. Ila litazameni jambo hili kwa jicho la mwanafunzi mwingine anayeonewa kimya kimya sasa hivi. Amejifunza kwamba ukisema, unaondolewa wewe. UNICEF ilipowauliza vijana zaidi ya 170,000 katika nchi 30 mwaka 2019, mmoja kati ya watatu alisema amewahi kuonewa mtandaoni, na mmoja kati ya watano alisema aliwahi kukosa shule kwa sababu hiyo. Hao angalau waliamua wenyewe kutokwenda. Wangu aliambiwa na shule asije.

2. "Ni utani tu wa watoto"

Nimelisikia hili ofisini, nikalisikia tena getini, na mjumbe mmoja wa bodi aliniambia kwa simu kwamba hata yeye alitaniwa sana shuleni na amekua vizuri. Nafurahi kwamba amekua vizuri.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake Norway kuchunguza uonevu shuleni, aliweka alama tatu za kuutambua: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Zipimeni kwa stika hii. Aliyeitengeneza huenda aliituma mara moja tu, lakini kila aliyeisambaza amerudia kitendo kile kile, na kila atakayeihifadhi ana uwezo wa kukirudia mwakani. Kuhusu nguvu, mtoto mmoja anakabiliana na grupu zima pamoja na mtu asiye na jina. Na nia ya neno "vichaa" sidhani inahitaji mtafsiri.

Ripoti ya ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwaka 2024, kutokana na uchunguzi uliofanywa katika nchi na maeneo 44 ya Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, inasema mtoto mmoja kati ya sita wa umri wa kwenda shule ameonewa mtandaoni. Hesabuni wenyewe hao ni wangapi kwenye darasa moja la shule yetu, hata mkipunguza nusu.

Wapo walionishauri kwamba angejitoa tu kwenye grupu. Hawezi. Grupu hilo ndilo walimu wanalotumia kutuma kazi za nyumbani na ratiba ya majaribio. Kwa hiyo kila jioni anafungua simu kutafuta maswali ya hisabati, na ili ayafikie ni lazima apitie picha yake mwenyewe. Nimekaa naye mezani nikiona anavyofanya: anapandisha skrini kwa kidole gumba huku kiganja cha mkono wa pili kimefunika nusu ya juu ya kioo, anachungulia kwa chini kama tarakimu zimetokea. Usiku simu ikitetema anaigeuza kifudifudi, halafu anaigeuza tena kuangalia.

Na kuna hoja kwamba "yametokea nje ya saa za shule". Picha ilipigwa ndani ya uwanja wa shule, wakati wa mapumziko, ikasambazwa kwenye grupu lililoanzishwa kwa ajili ya masomo, ikachekewa darasani kesho yake. Kilichotokea nje ya saa za shule ni kulia.

3. Geti la eneo la miti

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndipo bodi iliposhikilia kwamba imechukua hatua.

Sababu niliyopewa ni kuwa eneo lile "halina usimamizi". Kwa uamuzi huo huo yakasimama masomo ya baiolojia ya nje na klabu ya mazingira, ambayo watoto wake ndio walioipanda miti michanga iliyo upande wa chini. Hiyo miti michanga sasa nani anaimwagilia, sijui. Stika zilizofuata, maana zimefuata, picha zake zimepigwa kwenye korido na ndani ya basi la shule. Sijasikia korido imefungwa.

Nilimuuliza binti yangu kwa nini alikuwa anapenda kukaa pale na si maktaba. Akanijibu, "Pale hakuna anayeniangalia." Nimelifikiria jibu hilo kuliko kurasa zote nilizosoma tangu jambo hili lianze. Mtoto anayeonewa mtandaoni anaishi akitazamwa. Akivaa anajiuliza itaonekanaje, akicheka anajiuliza nani anarekodi, akinyamaza pia kuna anayemrekodi. Kwenye mti hakuna watazamaji wala hakuna anayehesabu umependwa mara ngapi. Aliyempiga picha alimwibia mahali hapo kwa siku moja. Kufuli la shule limemnyima muhula mzima, yeye na wengine wote waliokuwa wakipumulia pale bila kuonewa na mtu.

Haya si mambo ya mama mwenye uchungu tu. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waligawa watu makundi mawili, kundi moja likatembea dakika 90 kwenye nyasi na miti, jingine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliotoka kwenye miti walipungukiwa na ile hali ya kuwaza jambo lile lile la kuumiza kuhusu nafsi yako, linazunguka kichwani bila kutoka, na vipimo vya ubongo vilionyesha utulivu katika sehemu inayohusishwa na mawazo hayo. Waliotoka barabarani hawakuonyesha badiliko hilo. Mzazi yeyote aliyekaa na mtoto aliyeonewa anaijua hali hiyo kwa sura, hata kama hajui jina lake la kitaalamu. Stika inatumwa kwa sekunde moja, kazi iliyobaki mtoto anajifanyia mwenyewe kichwani usiku kucha.

Nchini Denmark watafiti walifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000. Waliokulia mahali penye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi, kufikia asilimia 55 kwa baadhi ya magonjwa ya akili, kuliko waliokulia penye kijani kingi, hata baada ya kuzingatia hali ya kipato cha familia na historia ya magonjwa hayo katika ukoo. Utafiti huo ulitoka mwaka 2019. Mwaka huo huo, Uingereza, takwimu za watu karibu 20,000 zilionyesha kwamba waliokuwa nje kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kusema wana afya njema na wanajisikia vizuri kuliko wasiokwenda kabisa, na haikujali kama dakika hizo walizimaliza kwa mkupuo au kidogo kidogo. Tafiti hizi mbili zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kwamba miti pekee ndiyo sababu. Nalijua hilo, na sisemi mti unatibu uonevu. Uonevu unatibiwa na watu wazima wanaofanya kazi yao. Ninachosema ni kwamba dakika 120 kwa wiki ni mapumziko ya kawaida ya shule, na ninyi mlikuwa nazo tayari, bure, nyuma ya madarasa.

Najua pia mtasema kuhusu mitihani, kwamba muda wa nje unapunguza muda wa kusoma. Katika jimbo la Illinois, Marekani, Dongying Li na William Sullivan walichukua wanafunzi 94 wa sekondari, wakawapanga kwa bahati nasibu katika vyumba vya aina tatu: visivyo na dirisha, vyenye dirisha linalotazama majengo, na vyenye dirisha linalotazama miti. Baada ya kazi za kuchosha akili na mapumziko mafupi, waliokuwa wakitazama miti ndio waliorudisha umakini vizuri zaidi na kutulia haraka zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Hao walitazama kwa dirishani tu. Wetu walikuwa na geti.

Kuna mjumbe aliyetaja nyoka na wanafunzi "kujificha" kule. Nyasi zifyekwe na mwalimu wa zamu apangwe, kama anavyopangwa bwaloni.

4. Ushauri nasaha

Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye huyo huyo wa nidhamu, na chumba anachotumia kina dirisha linalotazama ofisi ya walimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hakuna kijana atakayemfungulia moyo mtu aliyemwandikia barua ya onyo asubuhi ile ile. Namheshimu mwalimu huyo. Amepewa kazi mbili zinazopingana.

5. Kukusanya simu

Mkuu wa shule aliniambia kwa fahari kwamba sasa simu zinakusanywa asubuhi. Sipingi, hata nyumbani kwangu zina saa zake. Ila utafiti uliofanywa Uingereza na Chuo Kikuu cha Birmingham, ukachapishwa mwaka 2025, ulilinganisha shule zinazobana simu na zinazoruhusu, na haukukuta kwamba wanafunzi wa zile zinazobana wana hali bora ya akili. Sababu mojawapo iko wazi: stika ya kwetu inatumwa saa mbili usiku. Mkiwaondolea watoto simu mchana, na miti mkawaondolea pia, wanabaki na korido na kusubiri jioni ifike.

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu bajeti nimeangalia ninachoomba, na sehemu kubwa haina gharama. Kuhusu mamlaka, Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamlinda mtoto dhidi ya mashambulizi ya heshima na jina lake katika ibara ya 16, na ibara ya 29 inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa mazingira ya asili. Sikutegemea kwamba siku moja nitahitaji ibara zote mbili kwa ajili ya mapumziko ya saa nne. Naomba yafuatayo:

Kwanza, geti lifunguliwe wakati wa mapumziko, mwalimu wa zamu apangwe, masomo ya nje na klabu ya mazingira virudi. Hili linaweza kufanyika Jumatatu.

Pili, walioitengeneza na walioisambaza stika waitwe na wazazi wao, wakae na mtu mzima mwenye busara, waifute mbele yake, na akaunti feki iripotiwe ili ifungwe. Siombi mtu afukuzwe shule. Mtoto aliyefukuzwa anabaki na simu yake, na hasira juu yake.

Tatu, iandikwe kanuni ya shule kuhusu uonevu wa mtandaoni, ukurasa mmoja unatosha. Iseme malalamiko yanapokelewa na nani na yanajibiwa ndani ya siku ngapi za masomo. Iseme ushahidi unahifadhiwaje, maana nilipopeleka skrinishoti niliambiwa nizifute "zisizidi kuenea", kisha baadaye nikaulizwa ushahidi uko wapi. Iseme kwamba anayesambaza anahesabiwa kuwa ameshiriki. Na iseme kwamba mlalamikaji hahamishwi darasa wala kurudishwa nyumbani bila ridhaa yake na ya mzazi wake. Wanafunzi washirikishwe kuiandika, kwa kuwa wao ndio wanaojua mambo haya yanapitia wapi. Binti yangu alilazimika kumweleza mwalimu stika inatengenezwaje.

Nne, kazi za shule zitumwe kwenye grupu ambalo walimu pekee ndio wanaoweza kuandika. Ni mpangilio wa kubonyeza mara chache.

Tano, ushauri nasaha apewe mwalimu asiyehusika na nidhamu, na mlango wa chumba chake usitazame ofisi yoyote. Chini ya mti pia panafaa.

Sita, wafundishwe wale wanaotazama. Finland ina mpango uitwao KiVa, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku, ambao nguvu yake kubwa imewekwa kwa mashuhuda, wale wasioanzisha uonevu ila wanaucheka au wanaunyamazia. Kwenye grupu la darasa la binti yangu, waliotengeneza stika ni wachache mno. Waliobaki walicheka kwa alama ya machozi ya furaha, au hawakusema kitu. Mmoja tu ndiye aliyeandika "futeni hii", naye ndiye rafiki mliyemtenganisha naye.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya kikao kijacho cha wazazi, na yasomwe kikaoni mbele ya wote, kwa sababu tangu nianze kulizungumza jambo hili wazazi wengine wamenipigia simu wakiwa na stika za watoto wao. Na kama bodi itaamua geti libaki limefungwa, sababu iandikwe, na jina la aliyeamua liwekwe chini yake.

Wenu katika malezi,

Mzazi
(Jina limehifadhiwa ili kumlinda mtoto. Bodi inalo.)